Karata Bila Mgawaji: Ushauri kwa Anayejenga Poka Isiyo na Seva Kuu

Swali hili linanirudia kwa sura nyingi. Mmoja amepata msimbo huria wa poka na anataka kuupeleka kwenye blokucheni. Mwingine anataka marafiki zake sita, kila mmoja na mji wake, wacheze kwenye simu bila kampuni katikati yao. Wa tatu ameshatengeneza meza ya kijani inayopendeza, chipu zinaruka vizuri, na sasa anauliza: karata zitachangwa na nani?

Wote wanauliza jambo moja, ila huyo wa tatu kalifikia kwa kuchelewa. Inawezekana, na sehemu kubwa ya kazi ngumu imeshaandikwa na wengine wakaiacha wazi uitumie. Lakini anza na karata. Ukianza na meza, rangi au sarafu yako ya kidijiti, utakuja kubomoa ulichojenga.

Nachukulia kwamba unajua kuandika programu kwa kiasi na unazifahamu sheria za Texas Hold'em.

Jua kwanza unaiondolea seva kazi gani

Seva ya poka hufanya kazi nne:

- huchanga karata;
- huficha karata za kila mchezaji mpaka wakati wake;
- husimamia zamu na muda;
- hushika fedha.

Zaidi ya moja kati ya kazi hizo imeshawaumiza watu. Mwaka 2007 na 2008 ilibainika kwamba kwenye Absolute Poker na UltimateBet walikuwapo watu wenye njia ya ndani waliokuwa wakiziona karata za wapinzani wao. Tarehe 15 Aprili 2011 mashtaka dhidi ya waanzilishi wa PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker yaliwekwa wazi nchini Marekani, na wachezaji wa Full Tilt wakagundua kwamba kampuni haikuwa na fedha za kutosha kuwalipa. Wengi walisubiri miaka.

Si lazima uziondoe kazi zote nne kwa mpigo. Ushauri wangu: ondoa mbili za kwanza, kisha ya tatu. Ya nne iache, na sababu nitaieleza chini.

*"Kwani nikichapisha tu msimbo wa seva yangu, watu wasiukague wenyewe?"* Haitoshi. Mchezaji hana njia ya kujua kama msimbo uliochapisha ndio unaoendeshwa kwenye mashine yako. Hata hivyo kuchapisha kuna faida yake. Mwaka 1999 kampuni ya ASF Software ilichapisha namna programu yake inavyochanga karata ili kuwatuliza wachezaji. Wataalamu wa Reliable Software Technologies wakausoma msimbo ule na kukuta kwamba mbegu ya nasibu ilitokana na milisekunde zilizopita tangu saa sita usiku. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu. Kwa kulinganisha saa yao na ya seva, walipunguza uwezekano hadi kama 200,000, na kwa kuzijua karata tano, mbili za mkononi na tatu za mezani, wakaweza kuzitaja zote zilizobaki mchezo ukiendelea.

Kisa hicho kisome mara mbili, kwa sababu dosari ileile bado naikuta kwenye miradi mipya.

Kabla ya kupakua, soma leseni

Hapa watu hupita mbio, kisha hujuta.

- MIT na Apache 2.0: unaruhusiwa karibu kila kitu. Hifadhi tangazo la hakimiliki. Apache inataka pia uonyeshe faili ulizobadilisha.
- GPL: ukisambaza programu, msimbo wako nao utoke kwa masharti yaleyale. LibTMCG, maktaba ya michezo ya karata nitakayoitaja tena, iko hapa.
- AGPL toleo la 3: hata usiposambaza chochote, watu wakiitumia programu uliyoibadilisha kupitia mtandao wana haki ya kupata msimbo wake. PokerTH, mchezo huria wa Texas Hold'em ulioandikwa kwa C++, una leseni hii.
- Hakuna leseni: huna ruhusa. Kuuona msimbo GitHub si kuruhusiwa kuutumia.

Picha za karata na sauti huwa na leseni yake, tofauti na ya msimbo. Zikague kivyake.

Injini ya sheria: iandike, kisha iadhibu kwa majaribio

Injini ya sheria haina siri ndani yake: inapokea tendo, inarudisha hali mpya ya meza. Ukichukua ya mtu mwingine, kama ile ya PokerTH, kumbuka ilitungwa kwa ajili ya seva moja inayoona kila kitu. Utahitaji kuitenganisha ili ifanye kazi bila kuzijua karata zilizofichwa. Mara nyingi kuiandika upya ni haraka zaidi, na kwa sehemu hii nashauri hivyo.

Kipande kinacholinganisha mikono kipime hivi: kipe michanganyiko yote ya karata tano kati ya 52, jumla 2,598,960, kisha hesabu. Matokeo lazima yawe haya:

- karata za kufuatana za aina moja: 40 (nne kati ya hizo ndizo za juu kabisa, kumi hadi ree)
- nne zinazofanana: 624
- tatu na jozi: 3,744
- aina moja zote tano: 5,108
- za kufuatana: 10,200
- tatu zinazofanana: 54,912
- jozi mbili: 123,552
- jozi moja: 1,098,240
- bila chochote: 1,302,540

Ukipata 9,180 badala ya 10,200 kwenye za kufuatana, umesahau kwamba ree husimama pia chini ya mbili.

Makosa mengine ninayoyaona sana:

- Meza ya watu wawili. Mwenye zamu ya ugawaji ndiye anayeweka dau dogo la lazima; huanza yeye kabla ya karata za mezani, na humaliza yeye baada yake. Wengi hutumia mpangilio wa meza kubwa.
- Mifuko ya pembeni. Asha ana 500, Baraka 1,200, Chausiku 3,000, na wote wameweka chote. Mfuko mkuu ni 1,500 na wote watatu wanaugombea. Wa pembeni ni 1,400, kati ya Baraka na Chausiku. Chausiku anarudishiwa 1,800. Andika jaribio lenye namba hizi hasa.
- Chipu isiyogawanyika. Amua mapema inakwenda kwa nani. Katika mchezo usio na seva, mashine mbili zikihesabu tofauti hata chipu moja, meza imekufa.
- Namba za desimali. Usizitumie kwa dau. Tumia namba kamili tu.

Karata: moyo wa kazi yote

Mwaka 1979 Adi Shamir, Ron Rivest na Leonard Adleman waliandika waraka kuhusu kucheza poka kwa mbali bila mgawaji na bila karata za kushikika. Wazo lao lingali msingi wa karibu kila mradi wa aina hii. Lifikirie kama visanduku 52, kila kimoja na karata ndani, vinavyoweza kufungwa kwa kufuli nyingi na kufunguliwa kwa mpangilio wowote.

1. Asha anafunga visanduku vyote kwa kufuli zake, anavichanga, anampa Baraka.
2. Baraka anaweka kufuli zake juu, anavichanga upya, anampa Chausiku.
3. Chausiku anafanya vilevile. Sasa hakuna anayeujua mpangilio, kwa kuwa kila mmoja anakijua kipande chake tu cha uchangaji.
4. Karata ikitakiwa kwenda kwa Asha, Baraka na Chausiku wanaondoa kufuli zao kwenye kisanduku hicho. Asha anaondoa yake mwisho, akiwa peke yake.
5. Karata ya mezani wote wanaifungua hadharani.

Uzuri wake ni huu: akiwapo mchezaji mmoja tu mwaminifu aliyechanga kwa nasibu ya kweli, mpangilio wote ni wa nasibu. Humwamini mtu mwingine yeyote isipokuwa mashine yako.

*"Basi nitaandika mwenyewe, mbona ni rahisi?"* Usifanye hivyo. Waraka ule wa 1979 uliandikwa na magwiji wa fani, na bado Richard Lipton alionyesha kwamba usimbaji wao unavujisha sifa moja ya kihesabu ya kila karata, inayotosha kuzigawa karata katika makundi mawili. Ukimjua mwenzako ana karata za kundi lipi, umeshamwibia. Tangu hapo njia zimeboreshwa: Adam Barnett na Nigel Smart walitoa mfumo wao mwaka 2003, unaoweza kutumia usimbaji wa ElGamal, na Stephanie Bayer na Jens Groth wakatoa mwaka 2012 uthibitisho wa haraka kwamba uchangaji umefanywa kwa haki bila kuufichua mpangilio wenyewe.

Njia za namna hiyo zimeshaandikwa kama msimbo huria. LibTMCG ni ya C++. Kwa Rust ipo maktaba ya kikundi cha Geometry iitwayo mental-poker, inayofuata Barnett na Smart kwa uthibitisho wa Bayer na Groth. Soma maonyo ya waandishi kabla ya chochote. Nyingi za maktaba hizi ziliandikwa kwa utafiti, na kufaa kwa utafiti hakumaanishi kufaa kwa fedha za watu.

Mambo yanayovunja usiri wa karata

Sehemu hii isome taratibu, na uirudie kabla ya kuwaalika watu mezani.

- Nasibu dhaifu. Mipangilio ya karata 52 ni kama 8 ikifuatwa na sifuri 67. Inahitaji karibu biti 226. Mbegu ya biti 32 inatoa mipangilio 4,294,967,296 tu, na kompyuta ya kawaida inaweza kuijaribu yote. Kwenye kivinjari tumia crypto.getRandomValues, kamwe usitumie Math.random. Kuchanga kwenyewe tumia njia ya Fisher na Yates, na ukichagua namba kati ya 0 na 51 usigawe tu na kuchukua baki: tupa thamani zinazozidi, uombe nyingine.
- Nasibu ya blokucheni. Muda wa bloku au heshi yake vinaweza kusukumwa na anayeitengeneza bloku hiyo. Hata nasibu ya hadharani iliyo safi kabisa haikusaidii, kwani wote wanaiona, na karata za mkononi zinatakiwa zionwe na mmoja.
- Neno "private" katika Solidity, lugha ya kuandikia mikataba ya kidijiti inayokaa kwenye blokucheni. Hili ndilo kosa linalonisikitisha kuliko yote, kwa sababu linaonekana kama tahadhari. Neno hilo linazuia mikataba mingine ya kidijiti isiisome thamani. Halimzuii mtu. Kila kilichohifadhiwa kwenye mkataba wa hadharani kinasomeka na yeyote mwenye nodi. Nimeona miradi iliyoweka karata zote 52 humo.
- Kutodai uthibitisho wa uchangaji. Baraka anaweza kupokea visanduku 52 na kurudisha vyenye ree tupu. Bila uthibitisho hutaligundua mpaka ree tano zitokee mezani.
- Kufungua funguo zote mwisho wa mkono ili kukagua. Ni rahisi, lakini inaanika karata za waliojitoa, na mwenye kumbukumbu nzuri atajua nani hutishia bila karata. Ukitumia uthibitisho katika kila hatua, huna haja ya kufungua chochote.
- Kupokea nukta bila kuikagua. Usimbaji wa mikunjo ya kihesabu hubadilishana nukta; ukitumia mkunjo wa Curve25519 ukiwa mtupu, kuna kikundi kidogo cha nukta nane kinachoweza kutumiwa kuvujisha siri. Tumia ristretto255, iliyoelezwa kwenye RFC 9496, uepukane na balaa hilo zima.
- Ujumbe usiofungwa kwa mkono wake. Kila ujumbe uliotiwa saini ubebe jina la meza, namba ya mkono na namba ya hatua. Bila hivyo, "nafuata dau" ya jana inaweza kurushwa tena leo.

Mtu akikatika katikati ya mkono

Ukiniuliza mradi wako utakwama wapi, nitakuonyesha hapa. Hesabu za karata zimetatuliwa kwa miaka mingi. Kukatika kwa mtu hakujawahi kupata suluhisho lisilo na gharama.

Kila kisanduku kina kufuli la kila mchezaji. Chausiku simu ikimzimikia, au kifurushi kikiisha, au umeme ukikatika mtaani kwake, karata zote zilizobaki zimefungwa na ufunguo hauko mezani. Huwezi pia kutofautisha aliyekatika kwa bahati mbaya na aliyeona anashindwa akaondoka. Kwa mashine nyingine, wote wawili ni kimya kilekile.

Una njia tatu.

*Kufuta mkono na kurudisha dau.* Kwa marafiki wanaoaminiana inatosha. Kwa wageni ni mwaliko: kila anayeelekea kushindwa atazima simu.

*Kugawana funguo.* Tumia mgawanyo wa siri wa Shamir, wa mwaka huohuo 1979, ili mfano wanne kati ya sita waweze kufungua bila wengine wawili. Fahamu unachokilipa: wanne wakila njama wanaweza kuona karata zote. Meza ya watu wawili haina nafuu hii kabisa.

*Dhamana na muda.* Kila mmoja anaweka amana; asiyetimiza hatua yake ndani ya muda anaipoteza, na waliobaki wanafidiwa. Utafiti uitwao Kaleidoscope, wa Bernardo David na wenzake, unaeleza mfumo kamili wa namna hii. Muda ukiwa mfupi mno unamwadhibu mwenye mtandao hafifu. Ukiwa mrefu mno, meza inalala.

Kwa mradi wa kwanza chagua ya kwanza. Ifanye programu ihifadhi hali kwenye simu kila hatua, ili mtu akirudi aendelee pale alipoishia badala ya kuanza upya. Hili peke yake litaokoa mikono mingi, na wengi hulisahau.

Je, blokucheni ni lazima?

Hapana. Ikiwa hakuna amana, wachezaji sita wanaweza kutumiana ujumbe moja kwa moja kwa zana kama libp2p au WebRTC. Ila usiahidi kwamba hakuna seva hata kidogo. Simu nyingi hutumia kwa pamoja anwani moja ya intaneti iliyo upande wa kampuni ya simu, kwa hiyo WebRTC itahitaji seva ya kuwakutanisha, na mara kwa mara nyingine ya kupitishia data. Si tatizo: seva hiyo inaona ujumbe uliosimbwa, haioni karata. Waambie watumiaji ukweli huo waziwazi.

Fedha halisi: usianze nazo

Najua hapa wengi hawatanielewa. *"Poka bila fedha si poka."* Nisikilize kwanza.

Sheria haiangalii kama seva yako ni moja au mia. Tanzania, michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na kuiendesha kunahitaji leseni. Wewe unayechapisha programu, unayekusanya ada kila mkono, una jina na anwani hata kama mchezo wenyewe hauna makao. Muone mwanasheria kabla ya senti ya kwanza.

Pili, mkataba wa kidijiti ukishakwenda hewani, dosari yake inakwenda nayo. Juni 2016 mfuko wa The DAO kwenye Ethereum ulipoteza takriban etha milioni 3.6 kwa kosa la mpangilio wa hatua za kulipa: mkataba ulitoa fedha kabla ya kurekebisha hesabu yake. Msimbo ulikuwa wazi na watu wengi walikuwa wameusoma.

Tatu, kompyuta haizuii njama za wanadamu. Watu wawili wa meza yako wakipigiana simu na kutajiana karata, hakuna hesabu itakayowakamata. Mtu mmoja mwenye simu tatu anakalia viti vitatu. Na tangu mwaka 2019, programu ya Pluribus ya Noam Brown na Tuomas Sandholm ilipowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita, tunajua mashine inaweza kukaa kiti cha nne. Kampuni zenye seva hupambana na haya kwa kuchunguza mienendo ya maelfu ya akaunti. Wewe umeamua kutoziona.

Na mchezo usio na mwenyewe hauna wa kumfungia mlango mtu aliyezidiwa na kamari, akiomba mwenyewe kufungiwa. Hilo linanikera kuliko mengine yote. Usijenge kitu ambamo ndugu yako hawezi kutolewa.

Mpangilio wa kazi ninaoupendekeza

1. Anza na poka ya Kuhn, iliyoelezwa na Harold Kuhn mwaka 1950: wachezaji wawili, karata tatu, raundi moja ya dau. Ukiona inakuchosha kwa udogo, hapo ndipo unapojifunza kuifanya salama.
2. Unganisha maktaba ya karata. Wachezaji wote wawili wawe kwenye kompyuta yako moja kwanza.
3. Andika mchezaji mwovu: programu inayotuma karata mbili zinazofanana, inayorudia ujumbe, inayonyamaza. Ikishinda hata mara moja, rudi nyuma.
4. Peleka kwenye simu mbili tofauti. Pima kwa simu ya bei nafuu. Kuthibitisha uchangaji ni kazi nzito, na kompyuta yako itakudanganya.
5. Ongeza hadi karata 52 na wachezaji watatu, kisha sita. Uchangaji hupita kwa mchezaji mmoja baada ya mwingine, hivyo kila kiti kinaongeza kusubiri. Changa karata za mkono ujao wakati huu unachezwa.
6. Ndipo sasa, meza ya kijani.

Katika safari hii kuna uwezekano mkubwa utakuta dosari kwenye maktaba unayoitumia, kwa kuwa wanaozipima kwenye simu hafifu na mtandao unaokatika ni wachache. Ukiikuta, waandikie watunzaji wake kwa faragha kwanza, uwape muda wa kurekebisha, kisha tuma marekebisho yako pamoja na jaribio linaloonyesha kosa. Na ukiweza, waandikie maelezo ya matumizi kwa Kiswahili uyaambatanishe, ili anayekuja nyuma yako asianze gizani.